Ndoo Isiyojaa

Makambako,
Jumapili mchana

Kwako Shemeji Telesia, Mama Amon,

Modesta amekufa.

Najua unajua. Ulikuwepo, wewe ndiye uliyemvalisha. Nimeanza na hilo kwa sababu nitakayokuambia mbele.

Sasa nikusalimie. Kamwene. Hamjambo hapo Lupingu? Baba Amon mgongo wake unaendeleaje? Amon na shule je? Ziwa limetulia, au upepo bado unawakalisha nyumbani? Sisi huku ni wazima. Baridi imeingia, na upepo wa Makambako unaujua, unapita hadi ndani ya koti. Peace mzima. Anakula. Nimeandika anakula maana mara ya mwisho ulipomwona alikuwa hali.

Utashangaa barua wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi. Shida ni sauti yako. Wewe na mdogo wako Modesta sauti ni moja. Ukisema haloo mimi najisahau, nabaki nimeshika simu kama mjinga, halafu wewe unasema mtandao umekata. Mtandao haukati. Ni mimi. Kwa hiyo naandika. Barua atakuletea Damiano, yule dereva wa fuso anayeshuka huko kufuata dagaa. Mimi shule niliishia la tano, unajua, kwa hiyo soma polepole. Nilipokosea ruka.

Ujumbe wako niliupata. Umesema shule zikifungwa unapanda kuja kumchukua Peace, kama kikao kilivyosema. Barua hii ni ya jambo hilo. Mimi sitaki aende. Nimesema mapema ili usisome huku unajiuliza nataka nini.

Kikao nakikumbuka. Tulikaa kwa kaka yangu Lameki pale Mjimwema, Njombe, matanga yakiwa yameshaanuliwa. Kaka alisema mwanaume peke yake na mtoto wa kike ni mtihani. Kwamba natoka asubuhi, narudi jioni na maranda kichwani, mtoto atasukwa na nani, atafundishwa na nani mambo ya kike. Wewe ukasema mtoto amekuwa bubu. Ukasema shuleni hesabu zimeanguka, mtihani wa darasa la nne unakuja, na aliyekuwa anajua hesabu nyumba ile ndiye tuliyemzika. Ukasema Amon atamfundisha. Yote yalikuwa kweli, ndiyo maana nilinyamaza. Mkadhani nimekubali. Kaka akafunga kwa kusema tumwangalie hadi shule zifungwe, kama hali ni ile ile, mama yake mkubwa amchukue. Halafu tukala.

Sasa nikueleze habari ya simu, maana wewe hukuwahi kuiona.

Mwalimu Jeni, anayemfundisha Peace, aliwatumia wazazi kwenye grupu ukurasa wa mtandaoni wa mazoezi ya hesabu za watoto. Ni wa bure, unaweka bando lako tu. Modesta akaufungua kwenye simu yake ya tachi, akajiandikisha kwa jina lake yeye. Kila jioni alikuwa anakaa na Peace jikoni, ugali ukiwa motoni, wanafanya. Huo ukurasa una picha ya ndoo. Ukipata swali maji yanaongezeka. Ukikosa yanapungua. Ndoo ikijaa kengele inalia, unapewa ndoo nyingine ya somo linalofuata. Walijaza ndoo ya kujumlisha. Wakajaza ya kutoa, ya kuzidisha, ya kugawanya. Mimi nilikuwa nakaa pembeni nanoa panga, nasikia kengele tu. Kengele ikilia Modesta alikuwa anapiga makofi kuliko mtoto. Mpaka jirani yetu Mama Tabea akawa anauliza kupitia ukutani kama tumepata mgeni.

Wakaingia kwenye sehemu. Nusu, robo, theluthi, tatu juu ya nane. Hapo ndipo yale maumivu ya tumbo yalipomzidi, akaenda hospitali ya Ikonda. Walihangaika naye vizuri kule, sina neno nao.

Baada ya kikao nilirudi huku na mtoto. Simu nikaifungia kabatini. Peace alikuwa anakwenda shule na kurudi. Ukimwita anakuja, ukimtuma anakwenda. Maneno hana.

Siku moja Mwalimu Jeni akaniita. Ni binti mdogo tu, lakini ukikaa mbele yake unavua kofia. Akasema Peace hajibu chochote darasani. Akauliza kama bado anafanya yale mazoezi ya kwenye simu. Nikamwambia mwenye mazoezi amefariki. Akasema pole, lakini mwenye mazoezi ni mtoto, na simu haijui ni nani ameishika, hata mimi naweza kukaa naye. Nikamwambia mwalimu, mimi nabeba mbao. Akasema basi nibebe na hiyo.

Nikaichaji. Nikafungua ule ukurasa. Ukaandika: Karibu tena, Modesta.

Nikazima. Nikatoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuwa na kazi. Siku ya pili nikafungua tena.

Peace alipoona mwanga wa simu alikuja mwenyewe, akakaa. Goti lake likagusa langu. Nilifurahi. Ndoo ya sehemu walikuwa wameiacha imebaki kidogo sana, kama vidole viwili chini ya ukingo. Nikasema moyoni hii inaisha leo leo. Haikuisha. Maji yalipanda yakakaribia ukingo, halafu akakosa, akakosa tena, yakashuka. Kesho yake hivyo hivyo. Yanapanda vizuri kabisa, yakifika juu mtoto anakosa. Nikaona ulisema kweli, mtoto ameanguka. Na mimi sikuweza kumwonyesha amekosea wapi kwa sababu sikujua.

Ikabidi nijifunze. Usicheke.

Mchana tukisimamisha mashine kula, nilikuwa nakaa juu ya gogo na simu. Ule ukurasa una video za mtu anachora na kueleza. Unamrudisha nyuma hata mara ngapi, hanuni. Namba ya juu inaitwa kiasi, ya chini asili. Sehemu zikiwa na asili tofauti huwezi kuzijumlisha hivi hivi, unatafuta asili moja kwanza, kama watu wa makabila mawili wanavyotafuta Kiswahili. Hilo la mwisho ni langu, kwenye video halimo.

Mika, yule anayeendesha mashine ya kupasulia, akapata cha kusema. Kwamba Elius anasoma, mwakani mtamwona na kaptula na soksi. Kwamba jamani mbebeeni mwenzenu mbao, ana mtihani. Kwamba nikifaulu nisiwasahau. Siku moja akaninyang'anya simu awasomee wenzake kile ninachosoma. Akapanda juu ya tuta la mbao, akaanza kwa sauti ya mchungaji: Karibu tena, Mo. Akaishia hapo. Akashuka. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, akaenda kukagua mkanda wa mashine ambao haukuwa na tatizo. Tangu siku hiyo ananiachia nafasi yake kwenye moto wa mabanzi, wala halisemi.

Halafu nikafanya kosa. Kosa la mtu wa mbao.

Jumamosi moja nilimchukua Peace kazini. Nikaona video tumeangalia vya kutosha, sasa aone kwa macho. Nikachukua ubao, nikaupima mbele yake, Mika akaukata katikati, nikamwambia hizi ni nusu. Akakata kila nusu katikati, nikamwambia hizo ni robo. Robo nne. Ziunganishe utapata ubao wako. Peace akachukua futi akazipima, akazipanga chini moja baada ya nyingine, akapima tena. Hazikufika. Zilipungua kidogo, kama unene wa kidole. Akaniangalia. Mimi nikamwambia ni lazima zipungue, msumeno unakula. Kila unapokata, msumeno unachukua chake. Ndiyo kazi yetu ilivyo, usipokumbuka hilo utampa mteja mbao fupi. Kwa hiyo robo nne hazifiki mzima.

Mama Amon, mtoto akaongea. Sentensi nzima. Akauliza, baba, kilicholiwa kinakwenda wapi. Nikamwonyesha tuta la maranda pale nyuma ya mashine, ule unga wa mbao. Akaingiza mkono. Akasema ya moto. Akachota kidogo akatia mfukoni mwa sweta. Nilikuwa na raha siku ile, ningeweza kubeba gogo peke yangu.

Jumatatu Mwalimu Jeni akaandika ubaoni, robo nne ni ngapi. Peace akanyoosha mkono. Mkono ambao ulikuwa haujanyooka tangu msiba. Akasema robo nne ni karibu moja, kilichobaki kimeliwa na msumeno. Darasa likacheka mpaka la jirani wakaja kuchungulia. Yeye hakucheka wala hakulia, alikaa tu akasema ndivyo ilivyo, baba anajua.

Nikaitwa. Nikaenda na kofia mkononi. Nikaeleza nilivyofundisha, ubao, futi, Mika, yote. Mwalimu akaweka mkono mdomoni, nikaona mabega yanatikisika. Akanieleza vizuri kabisa, bila dharau, kwamba kwenye hesabu msumeno hauna unene. Unakata bila kula. Robo nne ni moja kamili, haipungui hata unga. Nikamwambia msumeno huo ningependa kuuona, bosi angeununua kesho. Hapo akashindwa, akacheka hadi akafuta macho, na mimi nikacheka. Sikumbuki nilicheka lini kabla ya hapo.

Nikarudi nikamwambia Peace kwamba nilikosea. Kwamba shuleni na kwenye simu msumeno hauli. Akaitikia kwa kichwa.

Nikajua tatizo nimelipata. Kwamba ni mimi niliyemchanganya, sasa ndoo itajaa. Haikujaa. Yanapanda, yanafika ukingoni, yanashuka. Na ajabu ni kwamba Mwalimu Jeni, nilipokutana naye gengeni, aliniambia Peace sasa sehemu anazipata zote ubaoni, kwamba niendelee hivyo hivyo. Sikumwambia kuhusu ndoo. Nikaenda zangu nikiwaza. Mtoto anapata ubaoni, kwenye simu anakosa, na maswali ni yale yale.

Jioni ile nilikaa nyuma yake namenya viazi. Yeye hakujua kwamba namwangalia. Swali lilikuwa nusu kujumlisha robo. Midomo yake ikasema robo tatu. Niliisikia, na mimi nilikuwa nimeshaipata, nikafurahi kwamba tumeipata pamoja. Halafu kidole chake kikaenda kikabonyeza mbili juu ya sita. Maji yakashuka. Na uso wake haukuwa wa mtu aliyekosa. Ulitulia, kama mtu aliyefunga banda na kuku wake wote wamo ndani.

Nikaendelea kumenya. Nilimenya viazi vingi kuliko tunavyokula.

Ndipo nikakumbuka stendi. Siku Modesta anaondoka kwenda Ikonda, mimi nilikuwa nimebeba begi lake. Alishindwa kuinama kwa sababu ya tumbo, akamwinua Peace kidevu. Akamwambia ajaze ndoo ya sehemu, kwamba kengele ikilia tu, yeye ameshapona, amesharudi. Nilisikia kwa masikio yangu. Niliona ni maneno ya kuagana, nikapandisha begi. Mtoto hakuona hivyo.

Angalia tulivyofanya, Mama Amon. Wewe ulimwambia mama amelala. Mchungaji akasema ametangulia. Kaka Lameki akasema ametutoka. Mimi nilisema amepumzika, tena nilisema nikiangalia pembeni. Makaburini mlimkalisha nyuma na watoto wenzake, akaona migongo yenu na khanga. Maneno yote yalikuwa mazuri. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia. Yeye akabaki na lile la stendi. Ndoo ikijaa kengele inalia, na kengele ikilia na mama asitokee mlangoni, basi harudi tena. Kwa hiyo aliiweka pale pale, karibu na ukingo. Haijai.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hata kaka hajui. Nilitaka kuliruka. Nimeandika ukurasa huu mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza niliruka.

Nilipojua, sikumwambia kitu. Ningeweza kumwambia palepale na viazi mkononi. Nilinyamaza. Ujumbe wako ulikuwa umeshafika kwamba unakuja. Nilijua kabisa kwamba akiendelea hivi utamkuta vile vile ulivyomwacha, utamchukua, na sitakuwa na la kusema. Na bado nilinyamaza. Sababu ni kwamba nilikuwa naipenda ile jioni. Tunafungua, inaandika Karibu tena, Modesta. Maji yanapanda. Yanashuka. Kesho tena. Nikawa nikiwa kazini nangojea jioni kama mtu anayejua kuna mtu nyumbani. Akikosa namwambia si kitu, tutafanya kesho. Yeye anasema ndiyo baba. Tukawa wawili tunafuga uongo mmoja, kila mtu akidhani anaufuga peke yake.

Halafu Jumanne. Maji yalikuwa juu kabisa, limebaki swali moja tu kengele ilie. Sijui alichoka au alijisahau. Kidole kilikuwa kinakwenda kwenye jibu lenyewe. Nililiona, lilikuwa sahihi. Mimi nikamwambia, angalia vizuri.

Nilimwambia mtoto wangu aangalie vizuri wakati amepata.

Kidole kikasimama hewani. Akageuka akaniangalia. Halafu akabonyeza la pembeni, polepole, kama ananipa mimi. Maji yakashuka. Hapo tukajuana. Nimebeba magogo na watu wa kila aina, nimefanya ya kijinga nikiwa nimelewa ulanzi, sijawahi kuona aibu kama ile.

Jumatano sikwenda kazini. Nilimwomba Mika aniombee kwa bosi. Peace naye nilimwambia asivae sare. Nikamkalisha jikoni, jua lilikuwa limeingia mlangoni, nikakaa mbele yake nimwone machoni. Nikamwambia, Peace, mama yako amekufa. Ukijaza ndoo harudi. Usipojaza harudi. Siyo wewe unayemchelewesha. Na mimi nilikuwa nafanya kama wewe.

Akauliza kama mama alimdanganya. Nikasema hapana, alitaka kurudi, mwili ulikataa. Akauliza kuhusu maranda yale ya kazini, kama kuna namna yanarudi kwenye ubao. Nilitamani kusema kitu kingine. Nikasema hayarudi.

Hapo akalia. Hakuwa amelia tangu msiba, wewe mwenyewe ulilisema hilo kwenye kikao. Alilia mpaka Mama Tabea akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nampiga. Akaniuliza nimemfanya nini mtoto. Nikasema nimemwambia. Akaangalia mtoto, akaniangalia mimi, akaweka mwiko chini. Akamchukua kwake. Jioni akamrudisha amesukwa mistari. Akasema kuanzia sasa kila Jumamosi atamsuka yeye, na kwamba mwanaume hata kama hajui kusuka anaweza kujua kubisha hodi kwa jirani. Kweli sikuwahi kubisha.

Alhamisi na Ijumaa nilikaa naye. Tulilima kale kashamba ka nyuma. Simu hatukuigusa. Alikuwa analia kidogo, anaacha, anauliza jambo. Kama mama alisikia baridi pale Ikonda. Kama alikula. Kama alisema chochote. Nilimjibu yote ninayoyajua. Mengine nikamwambia sijui, mama mkubwa Telesia anajua, alikuwa naye siku za mwisho kuliko mimi.

Jana akaleta simu mwenyewe. Ilikuwa mchana, tumetoka kula. Nilikaa pembeni yake, mikono nikaiweka chini ya mapaja ili isije ikasema kitu. Akafanya la kwanza, akapata. La pili. La tatu lilikuwa la theluthi kujumlisha moja juu ya sita, mimi sikulipata, yeye akalipata. Akafika la mwisho. Akavuta pumzi kama anaingia kwenye maji ya baridi. Akabonyeza.

Kengele ikalia.

Ikaandika: Hongera, Modesta. Ndoo imejaa.

Tuliangalia mlango. Wote wawili. Nakuambia ukweli, na mimi niliangalia. Palikuwa na kuku wa Mama Tabea tu.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alipiga makofi. Alipiga kama mama yake alivyokuwa anapiga, kwa nguvu, viganja vimekakamaa, mpaka Mama Tabea akauliza kupitia ukutani kama tumepata mgeni. Peace akajibu yeye, kwa sauti, hapana mama, tumejaza ndoo.

Nikamuuliza kama anataka tutafute namna ya kubadilisha jina, liwe lake. Akafikiri. Akasema tuliache. Ndoo inayofuata ni ya desimali. Akaniuliza kama desimali nazijua. Nikasema sizijui. Akasema basi nitulie, atajifunza yeye kwanza halafu anieleze, na kazini nisimwonyeshe kitu mpaka amalize.

Kwa hiyo Mama Amon, ombi langu ni hili. Shule zikifungwa njoo. Panda kama ulivyopanga. Lakini uje kukaa, usije kuchukua. Njoo na Amon kama baba yake atamruhusu, hizo desimali mimi sitaziweza peke yangu, hilo nakiri. Kaa naye, msemeshe habari za mama yake, mlivyokuwa wadogo, mlivyokuwa mnapigana, kila kitu. Muulize sehemu, uone. Ukimwangalia kwa macho yako ukaona bado hayuko sawa, nitalibeba begi lake mimi mwenyewe mpaka stendi na sitanuna. Lakini mwangalie kwanza. Kaka Lameki nitamweleza Jumapili ijayo nikienda Njombe. Atafoka. Halafu tutakula.

Jambo jingine. Peace ameomba akusikie kwenye simu. Nilimwambia sauti yako ilivyo, kwamba mimi inanishinda. Akasema yeye haimshindi. Piga jioni, tukiwa jikoni. Atapokea yeye. Mimi nitakaa karibu nisikilize, na nikiweza nitasema kamwene. Nisipoweza ujue ni mimi, siyo mtandao.

Mwambie Baba Amon asinyanyue mitumbwi mpaka mgongo upone, asijifanye kijana. Amon aongeze bidii. Mama Tabea anakusalimu ingawa hamjuani, amesema mtu wa samaki hasahauliki. Mika naye anasalimu. Damiano mpe chai, ni mtu mzuri. Mungu awalinde huko chini.

Bosi amenivumilia vya kutosha. Peace ameshapiga pasi sare yake, na ovaroli yangu ameitundika mlangoni. Kesho narudi kazini.

Shemeji yako,
Elius, Baba Peace